Mambo Yakikunyookea, Usilale

Juzi binti mmoja ameniandikia: "Mama, nikibanwa na shida naomba hadi machozi. Mambo yakinyooka tu, maombi yanakufa. Nifanyeje?" Mwanangu, hujauliza jambo geni. Mimi ni mama wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, na hayo nayaona kila mwezi.

Anayelijua Ziwa Tanganyika anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi, boti zinapumzika, wavuvi wanashona nyavu. Basi siku hizo za mbalamwezi ndipo maombi ya jioni yanajaa. Giza likirudi na dagaa wakimwagika, unabaki na wazee na watoto. Mwaka 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, mkesha wa Ijumaa kanisani kwetu ulikosa pa kukaa. Ziwa likafunguliwa, mabenchi yakabaki matupu. Iliniuma, na bado inaniuma, maana ni watu niliopiga nao magoti tukilia, "Bwana, tuvushe."

Mimi sikuacha, nalisema hilo bila aibu, ni neema ya Mungu. Boti zinarudi alfajiri, na ukichelewa ufukweni unakuta dagaa wazuri wameshachukuliwa. Kwa hiyo naamka saa tisa usiku, naomba, ndipo najifunga kanga na kubeba beseni. Wenzangu walinisema sana, eti najifanya mtakatifu kuliko mchungaji. Mmoja wao, ambaye mtaji wa kuanzia nilimpa mimi, alinicheka mbele ya wateja. Nilinyamaza, nikaendelea kugeuza dagaa wangu kwenye chanja.

Kipindi kimoja cha giza alikuja mnunuzi kutoka mbali. Alisema atachukua mzigo wetu wote kwa bei ya juu, ila kwanza kila mmoja achangie magunia na usafiri. Alfajiri ile, nikiwa kwenye maombi, moyo ulikosa amani kabisa. Ushahidi sikuwa nao. Nikakataa kuchanga, nikaambiwa nina roho mbaya. Fedha zilikusanywa, yule mtu akaondoka nazo, hakuonekana tena. Jioni walewale walionicheka walikuja kwangu, tukakaa kwenye mkeka, tukaomba pamoja. Hakuna aliyeniomba radhi mpaka leo.

Wapendwa, adui anajua siku unayofunga na kulia. Huyo anakusubiri ushibe. Petro alisinzia Gethsemane akiwa ametoka karamuni, na saa chache tu zilizopita alikuwa ameapa kwamba hatamkana Bwana. Kabla jogoo hajawika alikuwa amemkana mara tatu. Ndiyo maana sishangai kwamba ni Petro huyohuyo aliyekuja kutuandikia tukeshe, kwa sababu Ibilisi anazunguka kama simba angurumaye. Danieli naye, amri ya mfalme ilipotiwa sahihi, hakuanza maombi siku hiyo. Soma Danieli 6:10: alipiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Tundu la simba lilimkuta ameshazoea kuomba. Wewe likukute na nini? Na kila anayesoma hapa anataka kumwona Bwana kama mimi ninavyotaka, basi tusidanganyane, tuamke!

Mwanangu, chagua saa moja, uishike giza na mbalamwezi. Omba kabla hujagusa simu. Siku uliyouza vizuri omba kabla hujahesabu fedha, maana ukishazihesabu akili inakwenda kwenye mipango. Usingoje hamu ya kuomba ije. Wengi wameingoja mpaka wamepoa kabisa. Nasema tena, shika saa yako.

Na usikeshe peke yako. Mwenzangu wa maombi anaishi Gungu. Tunapigiana saa tisa, asiyepokea anapigiwa tena hadi aamke. Habari za watu hatuzigusi. Tunasoma mstari mmoja, tunaomba, tunakata simu, kila mtu anakwenda kazini kwake.