Soma tu, dada, wala usione haya

Dada yangu, umeuliza kama mtu mzima wa miaka 41 anapoteza muda kusoma kitabu cha Percy Jackson, mvulana aliyezaliwa na mungu wa Kigiriki, alichokiacha binti yake mezani. Hupotezi. Mimi nilianza nikiwa na miaka 39, nikamaliza vitabu vyote vitano vya kwanza, vilivyotoka kati ya 2005 na 2009.

Mwandishi wake, Rick Riordan, alikuwa mwalimu, na hadithi hii alianza kumsimulia mwanawe usiku kabla ya kulala, mtoto aliyepata shida kusoma na kutulia. Ndiyo maana Percy, wa miaka 12, herufi zinamwogelea machoni: ubongo wake umeumbiwa Kigiriki cha kale. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini kwanza. Nina mtoto wa hivyo.

Utani mwingi wa Riordan utakuchosha, nakubali. Lakini subiri Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki ambaye ukimtazama machoni unageuka jiwe. Ana duka la sanamu za bustani kando ya barabara New Jersey, anawalisha watoto baga, na mmoja wao anaona sanamu inayofanana mno na mjomba wake. Nilisisimka mwili mzima.

Hapo ndipo umri wako unapofaa. Kwa Riordan, Medusa na Poseidon, mungu wa bahari, walikuwa wapenzi. Kwa Ovid, mshairi wa Kirumi wa kale, Medusa alibakwa na mungu huyo hekaluni, kisha akaadhibiwa yeye aliyetendewa. Binti yako bado hajui hilo. Maliza kitabu, kisha mtafute Ovid, na siku akiuliza kwa nini Medusa ana hasira hivyo, utakuwa na jibu.