Dodoso la mapendeleo ya kazi: namna ya kulitumia shuleni bila kumpotosha mwanafunzi

Usiliite mtihani. Ukiingia darasani na makaratasi ukasema "leo mna mtihani wa kazi", wanafunzi watafanya walivyozoea kufanya kwenye mitihani: watatafuta jibu unalolitaka wewe. Waambie ni dodoso, halina kupata wala kukosa, na majibu hayatabandikwa ukutani. Kisha waombe waweke kando mambo matatu wanapojibu: mshahara, ada, na alama zao za darasani. Swali ni kama shughuli yenyewe ingewapendeza wakiifanya. Uwezo na fedha vina zamu yake baadaye.

Madodoso mengi ya leo yanafuata mgawanyo uliotolewa mwaka 1959 na mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland. Mapendeleo yamegawanywa makundi sita, na herufi zake zikiunganishwa hutamkwa RIASEC. R ni kazi za zana, mashine, udongo na mifugo. I ni kuchunguza na kutafiti. A ni sanaa na ubunifu. S ni kufundisha, kuuguza na kuhudumia watu. E ni kushawishi, kuuza na kuongoza. C ni kumbukumbu, hesabu na utaratibu wa ofisi. Holland aliyapanga kwenye pembe sita kwa mfuatano huohuo: kila kundi hufanana zaidi na majirani zake wawili, na kidogo kabisa na lile linalotazamana nalo. R ni jirani wa I na C, na inatazamana na S.

Shule isiyo na fungu la kununua vipimo inaweza kuanzia na dodoso la bure la O*NET, hazina ya taarifa za kazi ya Wizara ya Kazi ya Marekani. Toleo lake fupi lina maswali 60, kumi kwa kila kundi. Kila jibu lina ngazi tano, kutoka "sipendi kabisa" hadi "napenda sana", zenye alama 0 hadi 4. Kwa hiyo kila kundi huishia kati ya 0 na 40.

Lakini dodoso hilo lilitungwa kwa Wamarekani, na ukilitafsiri neno kwa neno utakuwa umeliharibu. Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi.

Chukua neno "fundi". Ukiuliza "Ungependa kuwa fundi?", mmoja ataona gereji, mwingine cherehani, wa tatu atamwona mchonga milango ya nakshi. Gereji ni R tupu. Cherehani na nakshi vina A ndani yake. Alama utakazopata zitakuwa mchanganyiko usiosomeka. Andika kitendo: "kufungua injini ya bodaboda na kutafuta hitilafu", "kushona gauni la mtindo ulioubuni mwenyewe". Neno "kutunza" nalo lina mtego wa namna hiyo, kwa sababu kutunza watoto ni S na kutunza kumbukumbu ni C. Usiliache peke yake kamwe.

Kilimo kinahitaji uangalifu wa pekee. Mwanafunzi aliyepewa jembe kama adhabu akikuta swali la "kulima bustani", anajibu kuhusu adhabu. Uliza kuhusu kufunga mabomba ya umwagiliaji wa matone, kuendesha trekta, au kukagua ng'ombe wa maziwa asubuhi. Swali la kununua na kuuza hisa pia ni geni kwa wengi. Kununua mahindi kwa jumla kijijini na kuyatafutia soko mjini kunapima kitu hichohicho, na kila mtu anakiona akilini.

Epuka pia vyeo vya kazi. Dodoso la awali la Holland mwenyewe lilikuwa orodha ya majina ya kazi, nawe unaweza kushawishika kufanya hivyo kwa kuwa ni rahisi kuandika. Kwetu, majina "daktari", "rubani" na "mwanasheria" yamebeba heshima ya ukoo mzima, na mtoto atayapenda hata kama hajui kazi yenyewe ikoje. "Kusafisha kidonda na kubadilisha bandeji" huleta jibu la kweli zaidi. Vivyo hivyo "kusoma mkataba mrefu ukitafuta kifungu chenye kasoro".

Tafsiri ikikamilika, mpe mtu wa pili anayejua Kiingereza vizuri airudishe katika Kiingereza bila kuona asili, kisha ulinganishe. Kisha kaa na wanafunzi kumi, mmoja mmoja, mwombe kila mmoja aeleze picha iliyomjia kwa kila swali. Swali linaloleta picha mbili tofauti liandikwe upya.

Ukishapata majibu ya kutosha, tuseme wanafunzi 200, pima kama pembe sita inasimama katika shule zako. Makundi sita yana jozi 15: 6 za majirani, 6 zinazorukana kundi moja, na 3 zinazotazamana. Kokotoa uhusiano wa kitakwimu wa kila jozi, yaani kiasi alama za makundi hayo mawili zinavyopanda na kushuka pamoja (1 ni kwenda pamoja kikamilifu, 0 ni kutohusiana). Nadharia inadai majirani wahusiane zaidi kuliko wanaorukana, na wanaorukana zaidi kuliko wanaotazamana. Hayo ni madai 72 (36, 18 na 18). Hesabu yaliyotimia, toa yaliyokiukwa, gawanya kwa 72. Ukikaribia 1, mpangilio unasimama. Ukikaribia 0, ni kama bahati nasibu. Usiruke hatua hii. Watafiti James Rounds na Terence Tracey walipolinganisha takwimu za nchi mbalimbali mwaka 1996, waliona mpangilio wa Holland ukikaa vizuri zaidi Marekani kuliko kwingineko.

Sasa kusoma alama. Tuseme mwanafunzi amepata R 22, I 31, A 14, S 29, E 17, C 20. Wengi wangeandika "ISR", herufi za makundi matatu ya juu, kwenye faili na kumaliza. Kabla ya hapo, tafuta wastani wake mwenyewe: jumla ni 133, gawanya kwa 6, unapata 22.2. I iko juu ya wastani huo kwa karibu 9, S kwa karibu 7, A iko chini kwa 8. R iko palepale kwenye wastani, kwa hiyo herufi ya tatu haina uzito wowote hapa. Mfano mzuri wa mtu huyu ni tabibu au muuguzi anayependa kujua ugonjwa umetoka wapi.

Kuna pia wale wanaokubali kila kitu. Wapo wanafunzi wengi, hasa wapole, ambao huona kumwandikia mwalimu "sipendi" ni utovu wa adabu. Makundi yao yote huwa kati ya 30 na 35. Mwingine huwa na yote sita chini ya 12. Toa alama ya chini kwenye ya juu: kwa mwanafunzi wa mfano wetu tofauti ni 17, na kwa huyu mpole ni 5. Tofauti ya 5 haikuruhusu kutaja herufi yoyote. Rudi umkalishe, mzungumze.

Na usibishane juu ya alama mbili. Kama alama za kundi zimetawanyika kwa mchepuko sanifu (kipimo cha umbali wa kawaida wa alama kutoka wastani) wa 8, na uthabiti wa kipimo (kiasi kinavyotoa jibu lilelile kikirudiwa, 1 ikiwa kamili) ni 0.9, kosa la kawaida la kila alama, yaani kiasi inavyoweza kuyumba kwa bahati tu, ni kama 2.5, na la tofauti kati ya makundi mawili ni kama 3.6. I ya 31 na S ya 29 zihesabu kuwa zimelingana.

Jibu la katikati, "sina hakika", lina maana mbili zinazofanana machoni. Moja ni "sijali", nyingine ni "sijawahi kuiona". Pigia mstari maswali yote yaliyojibiwa hivyo na uulize ni ipi. Ya pili inatibika kwa ziara ya saa mbili karakana au maabara, kisha mwanafunzi ajibu tena swali hilo.

Kwa wasichana, soma R kwa makini. Uchambuzi mkubwa wa Rong Su na wenzake wa mwaka 2009 ulikuta pengo kubwa kati ya wanaume na wanawake kwenye mhimili wa vitu dhidi ya watu (wanaume wakielemea vitu, wanawake watu), karibu mchepuko sanifu mmoja. Ukitumia alama ghafi peke yake utawapeleka wasichana wote kwenye uuguzi na ualimu. Angalia pia nafasi yake miongoni mwa wasichana wenzake: R ya 22 inaweza kuwa ya tatu kwenye karatasi yake, huku ikiwa ya juu kabisa kati ya wasichana 40 wa darasa lile. Huyo aonyeshwe karakana.

Umri nao una neno. Uchambuzi wa mtafiti Low na wenzake wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba uthabiti wa mapendeleo hauongezeki sana katika ujana, kisha hupanda kwa kasi kati ya miaka 18 na 22. Mwanafunzi wa gredi ya 9 nchini Kenya anayechagua mkondo, au wa kidato cha nne Tanzania anayejaza tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano), bado hajafika huko. Mpe dodoso mara mbili, na mwaka mmoja katikati, na utunze karatasi zote mbili. Kundi lililobaki juu mara zote mbili ndilo la kuliamini.

Usimwahidi mzazi kwamba kazi inayolingana na dodoso itamfurahisha mwanawe. Uhusiano kati ya kulingana huko na kuridhika kazini ni kama 0.2 tu, maana mishahara, wakubwa wa kazi na umbali wa nyumbani vina sehemu yao. Dodoso linatoa orodha ya kuanzia, mfano kazi 15. Matokeo ya masomo yapunguze hadi 6 au 7. Ada na nafasi za vyuo zije mwisho, mzazi akiwepo mezani. Ukimweleza, ziache herufi ofisini. Msomee maswali matano ambayo mtoto amejibu "napenda sana", kama yalivyoandikwa, na umwulize kama amewahi kumwona akifanya mojawapo nyumbani.