Boti ndogo kutoka Whittier: Barry Arm au Blackstone Bay?

SWALI: Mimi ni mtu wa Tanga, sasa naishi Anchorage, Alaska. Nina boti ya alumini ya futi 20 yenye injini moja. Julai nataka kuwachukua wageni watatu kutoka bandari ya Whittier tukatazame mito ya barafu inayoishia baharini, turudi siku hiyohiyo. Niende ghuba ya Barry Arm au ya Blackstone Bay? Na nikaribie kiasi gani?

JIBU: Nenda Blackstone, ndugu yangu. Barry Arm inapendeza zaidi, sibishi, lakini mlima ulio juu ya mto wake wa barafu, Barry Glacier, umekosa egemeo. Barafu iliyokuwa ikiushikilia imerudi nyuma, na tangu 2020 wanajiolojia wanaonya kwamba ubavu ule unaweza kuporomokea majini na kuzua tsunami. Ukiona hayo ni ya vitabuni, itazame ghuba ya Tracy Arm, kusini ya mji wa Juneau, hukuhuku Alaska. Tarehe 10 Agosti 2025 mlima uliporomoka karibu na mto wa barafu wa South Sawyer, na maji yakapanda zaidi ya mita 400 kwenye ukuta wa ng'ambo. Ilikuwa alfajiri, ndiyo maana hakufa mtu.

Kuhusu umbali, baki nusu maili ya baharini kutoka kwenye uso wa barafu, yaani kama mita 900. Wageni watakusihi usogee, kataa. Kila mtu hutazama juu akingoja kipande kidondoke, kumbe kingine hukatika chini ya maji na kuchomoza kwa kishindo mbele ya ukuta, bila dalili yoyote. Vile vinavyoelea navyo usivizoee. Karibu sehemu tisa kati ya kumi za kipande zimezama, na kikiyeyuka upande mmoja hupinduka. Sili wakiwa wamelala na watoto wao juu ya barafu, kaa mita 450 mbali nao. Ukiwashtua wakaingia majini, watoto hupotezana na mama zao.

Ila kwa boti ya injini moja, mimi naogopa zaidi kinachotokea nyuma yako. Upepo ukigeuka au maji yakianza kupwa, barafu iliyotawanyika hukusanyika na kuziba njia uliyopitia. Bamvua unaijua tangu Tanga. Hapa pia tofauti ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita 4. Kwa hiyo kila baada ya dakika chache geuka uangalie ulikotoka, na njia ikianza kusongamana, ondoka hata kama mmefika sasa hivi. Ndani ya barafu nenda mwendo wa chini kabisa, mtu mmoja akae omo na pondo. Chukua propela ya akiba na vifaa vya kuibadilishia. Karibu na kisiwa cha Willard Island, ndani ya Blackstone, kuna tuta la mawe chini ya maji, basi fuata chati, wala usikate kona.

Maji yenyewe ndiyo yasiyofanana na ya kwetu, kwa baridi yake. Ukitumbukia, dakika ya kwanza unapigania pumzi tu. Ndani ya kama dakika 10 vidole havishiki tena kamba. Jaketi la kuokolea livaliwe tangu gatini, si kuwekwa chini ya kiti.

Mafuta yagawe mafungu matatu: kwenda, kurudi, na akiba isiyoguswa. Redio ya boti (VHF), chaneli ya 16 ya kuombea msaada, inaweza kuzibwa na milima, hivyo beba pia kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti, na mwachie mtu wa nchi kavu saa yako ya kurudi. Ukipata boti nyingine ya kufuatana nayo, bora zaidi.

Halafu kuna lile handaki la barabara ya kutoka Whittier kurudi Anchorage. Lina njia moja, magari hupishana kwa zamu na treni, na usiku hufungwa. Watu hukimbiza boti kwenye Passage Canal, ghuba ya kuingilia Whittier, penye upepo mkali ili wawahi zamu ya mwisho. Wewe weka mablanketi garini, na uwaambie wageni mapema kwamba huenda mkalala Whittier.