Matumbawe yaliyopauka si lazima yawe yamekufa

Umeuliza kama matumbawe yakishakuwa meupe ndiyo yamekufa. La, bado yako hai, ingawa yana njaa kali. Rangi yake, pamoja na sehemu kubwa ya chakula chake, hutokana na viumbe wadogo mno wa jamii ya mwani wanaoishi ndani ya tishu zake, na bahari ikizidi joto la kawaida la kilele cha kiangazi kwa takriban nyuzijoto 1 ya Selsiasi kwa wiki kadhaa, matumbawe huwatoa. Maji yakipoa mapema, viumbe hao hurejea. Kinachonitia hofu zaidi ni marudio: Great Barrier Reef, safu kubwa ya miamba ya matumbawe huko Australia, ilipauka kwa wingi mwaka 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024, ilhali miamba iliyoathirika vibaya huhitaji miaka 10 au zaidi kujijenga upya.