Haidrojeni kwenye GC: mimi mtungi siuogopi, naogopa oveni

Mkuu umesema mpo Iringa, heliamu imewashinda bei, mnataka muhamie haidrojeni kwenye GC (mashine ya maabara inayosukuma sampuli kwa gesi ili kutenganisha na kupima kemikali zake) ila bosi anahofia mtungi utalipuka. Nimefanya kazi maabara Mbeya miaka kadhaa, tulikuwa tunapima mabaki ya viuatilifu. Mtungi ukikaa nje kwenye kibanda kinachopitisha hewa, umefungwa mnyororo, mbali na oksijeni, wala hausumbui. Oveni sasa!

Kuna siku dogo wa zamu alichomoa kolamu (ule mrija mwembamba ndani ya oveni sampuli inamopita) akaenda kunywa chai, haidrojeni ya FID, ditekta inayowaka kwa moto wa haidrojeni, akaiacha inatembea na tundu la ditekta kule ndani ya oveni hajaliziba. Piga hesabu, mililita 40 kwa dakika, oveni ya lita 14 hivi, na haidrojeni ikifika asilimia 4 tu kwenye hewa inashika moto, yani mililita 560, dakika 14 kama haina pa kutokea. Na chai yetu sisi ni nusu saa aisee. Nilivyoona flow (mtiririko wa gesi) bado inasoma nikaenda kufunga gesi ukutani, nikafungua mlango wa oveni taratibu, swichi sikugusa hata moja. Angerudi akawasha hita mngesikia habari nyingine. Kuanzia hapo kwetu hugusi nati ya kolamu kabla gesi haijafungwa, na tundu lisilo na kolamu linazibwa.

Alafu moto wa FID hauonekani kwa macho, shika spana inayong'aa juu ya ditekta, ikiweka ukungu moto unawaka, isipoweka jua gesi mbichi inamwagika chumbani. Gesi ya spliti nayo, ile ya ziada inayotolewa pale sampuli inapoingilia, ipelekeni nje kwa bomba.

Ugonjwa wetu watu wa nyanda za juu ni madirisha, mwezi wa 6 na wa 7 baridi ikikaza kila kitu kinafungwa, wakati haidrojeni ni nyepesi inapanda inajikusanya darini. Sisi dirisha la juu tulitoa kioo tukaweka wavu, watu wakanuna wakavaa makoti. Sensa nayo ni juu karibu na dari, msiiweke chini kama ya gesi ya kupikia.

Na regyuleta ya haidrojeni (kile kifaa cha kupunguza presha kwenye mtungi) nati yake inafungwa kinyume, kwa kushoto, fundi wetu aling'ang'ana nayo na spana asubuhi nzima anasema eti ina kutu.