Seremala anauliza: seti ya uhandisi kwa watoto wa chekechea, nitumie mbao gani na betri gani?

SWALI: Habari injinia. Mimi ni seremala niko Mafinga, nilipita VETA. Kuna shule ya chekechea wameniomba niwatengenezee seti 12 za vifaa vya kuwafundisha watoto uhandisi, umri miaka 3 mpaka 6. Wamenionyesha picha za vitu vya nje kwenye simu. Mimi nimewaza gari dogo la mbao lenye mota, betri zile za duara kama shilingi, vipande viungane kwa sumaku na skrubu ndogo, na kila seti iwe na bisibisi fupi za watoto. Naomba unisaidie vipimo, aina ya mbao, rangi na hiyo betri. Wanauliza pia kama roboti inafaa kwa umri huo.

JIBU: Salama fundi, poleni na baridi ya huko. Kwenye mpango wako kuna vitu vitatu naomba uvitoe kabla hujanunua chochote, betri za duara, sumaku, na hizo skrubu ndogo, afu mengine tutaongea tukiwa tumetulia.

Tuanze na betri maana ndo inaua. Inayouzwa sana madukani ni CR2032, hizo namba maana yake kipenyo milimita 20 na unene 3.2, na huo upana wa 20 ndo balaa lenyewe kwasababu unatosha kabisa kunasa kwenye koo la chakula la mtoto mdogo. Wengi wanadhani hatari ni dawa ya ndani kuvuja, hapana, hata isipovuja tone: ikinasa pale penye majimaji umeme unapita kwenye nyama ya koo, upande wa hasi inatengenezwa alikali inayounguza, na ndani ya masaa 2 tu jeraha baya linaweza kuwa tayari. Hata ile iliyochoka, ambayo rimoti imeshaikataa, bado ina volti za kutosha kufanya hiyo kazi. Marekani walitunga sheria mwaka 2022 kwa ajili ya betri hizi peke yake, kwamba kifuniko chake lazima kihitaji kifaa kama bisibisi au vitendo viwili vya mkono kwa wakati mmoja. Sasa wewe unatengenezea darasa ambalo somo lenyewe ni kufungua vitu, tena unawapa na bisibisi juu, haiendi. Na ikitokea popote pale mtoto kameza, au mmehisi tu kameza, ni hospitali muda huohuo, msimtapishe wala msikae kusubiri itoke yenyewe.

Sumaku zile ndogo zinazong'aa nazo ni hivyohivyo. Akimeza mbili kwa nyakati tofauti zinavutana zikiwa kwenye mikunjo tofauti ya utumbo, zinaubana ukuta wa utumbo katikati mpaka unatoboka. Usiniambie utazifukia kwenye mbao na gundi, gundi ina siku yake ya kuachia, na siku hiyo hakuna atakayegundua.

Skrubu ndogo hazihitaji maelezo marefu, kipimo kitakujibu chenyewe. Kuna silinda inayotumika kwenye viwango vya usalama wa vitu vya watoto wa chini ya miaka 3, kipenyo chake milimita 31.7, kina kimekatwa mshazari kuanzia 25.4 upande mmoja mpaka 57.1 upande wa pili. Kitu chochote kikiingia chote humo bila kulazimisha, kwa mkao wowote, hicho hakifai. Wewe chukua gogo la mbao chimba tundu la milimita 32, kina 57 kote, achana na mshazari, utakuwa umejibana zaidi ya kanuni inavyotaka na hiyo ni faida yako. Gogo hilo likae juu ya meza ya kazi muda wote. Najua umri wako unaanzia 3 lakini darasa la chekechea halina ukuta, wadogo zao wanaingia, na mwenye miaka 3 na mwezi mmoja bado kila kitu kinapitia mdomoni. Utashangaa vitu vinavyofeli: kifuniko cha chupa ya maji kinaingia, gololi inaingia (na kwa vitu vya mviringo kama mpira kipimo ni kikali zaidi, kwa wadogo inatakiwa izidi milimita 44), betri za kawaida za rimoti zinaingia zote. Visoda navyo acha, ni vidogo na pembe zake zinakata, gari la visoda ni la mtoto mkubwa anayelitengeneza mwenyewe.

Sasa angalia betri kubwa ya tochi, ile D, ina upana kama milimita 33 na urefu 61. Haiingii! Kwahiyo kama lazima pawe na umeme tumia hizo, zile za bei rahisi za kawaida wala usitafute alkalaini, kwasababu siku mtoto ameunganisha chanya na hasi kwa waya mtupu (ataunganisha tu) ile ya bei rahisi inatoa mkondo mdogo na joto lake linakuwa dogo kiasi. Weka na fyuzi. Na nakuomba sana, zile seli za lithiamu zinazotolewa kwenye betri za laptop zilizokufa, ambazo mafundi wengi mjini wanazipenda, kwenye kitu cha mtoto zisiguse kabisa.

Lakini mimi kwa miaka 3 na 4 mota ningeiondoa yote. Sio kwa usalama tu. Gari lenye mota ukiwasha linatembea, mtoto anacheka, basi, somo limeisha, kwasababu sababu ya kutembea imefichwa ndani ya boksi. Na siku lisipotembea anakuletea wewe mtu mzima. Kifaa cha kumuingiza mtoto kwenye uhandisi kinatakiwa kiwe na uwezo wa kukosea waziwazi, yaani kikikataa mtoto aone kwa macho kwanini kimekataa, na aweze kukirekebisha kwa mikono yake bila kumuita mwalimu. Hapo ndo uhandisi ulipo: unajenga, unajaribu, kinagoma, unabadilisha kitu kimoja, unajaribu tena. Ukiniuliza kipimo kimoja cha seti nzuri ni hicho, mengine yote ni usalama na useremala.

Kwahiyo gari lako libadilishe hivi. Kibao cha bodi kimoja, ekseli mbili nene, na magurudumu mengi kuliko yanayohitajika. Gurudumu la duara safi, manne. Mengine manne ya duara lakini tundu umelichimba pembeni ya kati, kama sentimita moja hivi. Mengine manne ya mraba uliokata kona. Toa na ubao wa kuteremkia, na ngazi yenye hatua tatu ya kuuegemeza ili mwinuko ubadilike. Usiandike popote lipi ni sahihi. Mtoto atafunga magurudumu yoyote, atalisukuma kwenye mteremko, lenye tundu la pembeni litaenda linarukaruka, la mraba litakwama kwenye mteremko mdogo ila ukiinua ubao litaporomoka. Baada ya muda utamuona anachagua, anageuza gurudumu analichungulia tundu. Anaweza pia kuchanganya, ya duara nyuma ya mraba mbele, mwache. Mwalimu kazi yake iwe kuuliza tu "unadhani kwanini?" na kunyamaza, na kunyamaza ndo kugumu, wengi wanakimbilia kumfungia mtoto gurudumu.

Bisibisi fupi nazo toa. Hapa watengenezaji wengi wanakosea, wanachukua kifaa cha mtu mzima wanakipunguza, wakati mtoto anataka kinyume chake. Angalia Lego walivyofanya mwaka 1969 walipotoa Duplo kwa wadogo, tofali walilizidisha mara mbili kila upande, urefu, upana na kimo. Mtoto wa miaka 4 anashika kwa kiganja kizima, kifundo cha mkono hakijakomaa kuzungusha, na kulenga ncha kwenye mfereji wa skrubu ni mtihani. Kwahiyo maungio yako yawe vigingi: unene milimita 20, urefu 70 (ndo maana hakiingii kwenye gogo letu), kichwa cha milimita 45 cha kukamatia, ncha imechongwa kidogo ili kijitafutie tundu chenyewe na imeviringishwa isichome. Tundu lizidi kigingi kwa nusu milimita mpaka moja. Hili unalijua kuliko mimi ila nikukumbushe, mbao inavimba kukatisha nyuzi na sio kufuata nyuzi, tena upande mmoja zaidi ya mwingine, kwahiyo kigingi cha duara kwenye unyevu kinakuwa yai, na kama hiyo shule ina tawi Tanga, kigingi kilichoingia vizuri Mafinga kiangazi kule kitagoma masika. Kigingi kinachohitaji nyundo kwa mtoto ni kigingi kilichokufa.

Wakitaka kuzungusha, yaani nati na bolti, usihangaike kuchonga nyuzi za mbao. Chukua makopo ya plastiki yenye mdomo mpana, yale ya siagi ya karanga, kata shingo, ifunge kwenye kibao kwa nyuma, mfuniko wake ndo nati yako. Nyuzi ni pana, mkono mzima unakamata, na kwenye kipimo cha gogo mfuniko unafaulu bila shida. Ila ule ukingo ulioukata upige tupa na msasa kabisa, plastiki iliyokatwa ni wembe.

Mbao, wewe uko jirani na msitu wa Sao Hill, paina ipo, ni nyepesi na mtoto akiidondosha mguuni haimuumizi sana. Ubaya wake inachanika vibanzi kwenye kona, kwahiyo kona zote ziviringe, msasa wa 120 afu 220, na paka maji kidogo vinyuzi visimame ndo upige tena wa mwisho. Kitu kimoja usithubutu: vipande vilivyobaki vya mbao za kuezekea zilizotiwa dawa, zile za kijani. Dawa ya CCA ina shaba, kromi na aseniki, na mtoto atazitafuna. Chagua mbao ghafi.

Rangi mimi ningeacha. Shida ni madini ya risasi yanayowekwa kwenye rangi, ambayo ni sumu, kiwango cha juu kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni, na kopo la dukani lisiloandikwa kitu huwezi kujua lina ngapi, hasa njano na nyekundu kali. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya nazi kidogo inatosha, inang'aa, na mtoto akilamba ni sawa. Mafuta ya kupikia ya kawaida usipake, yataganda na kunuka.

Kwa wale wa miaka 5 na 6 umeme upo, tena mzuri kuliko hiyo mota, nao ni unga. AnnMarie Thomas wa Chuo Kikuu cha St. Thomas, Minnesota, na wanafunzi wake ndo waliueneza mtindo huu. Donge la kwanza: unga wa ngano kikombe na nusu, maji kikombe, chumvi robo kikombe, maji ya ndimu vijiko 9 vya chakula, mafuta kijiko kimoja, unasonga kwenye moto mdogo mpaka linaachia sufuria. Hilo linapitisha umeme. La pili unga, sukari, mafuta na maji kidogo bila kupika, hilo linazuia. Betri nne kwenye kisanduku ulichokifunga wewe, zinatoa volti 6, nyaya mbili zinachomekwa kwenye madonge mawili ya chumvi yasiyogusana, miguu ya taa ya LED moja huku moja kule. Inawaka. Madonge yakigusana inazima, akiweka donge la sukari katikati inawaka tena. Akigeuza miguu haiwaki, akirudisha inawaka. Unaona? Kila kosa linaonekana na linarekebishika kwa vidole. Ila taa isiunganishwe moja kwa moja na waya bila unga, itaungua, unga ndo unapunguza mkondo. Taa ya LED ni ndogo inaingia kwenye gogo, kwahiyo zoezi hili mwalimu akae nao mezani, ahesabu taa anapotoa na anapokusanya, na miguu ifutwe maana chumvi inaila. La sukari lifungeni vizuri, sisimizi watakuja.

Roboti, waambie inawezekana na wala haihitaji skrini. Pale chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1970 Radia Perlman alitengeneza mashine ya watoto ambao hawajajua kusoma, wanapanga kadi kwenye nafasi zake kwa mfuatano na roboti inafuata. Leo kuna roboti inayoitwa KIBO, inatumia vibao vya mbao. Bei yake ya kuagiza sio ya shule hiyo, kwahiyo we chonga vibao vya mshale vya kwenda mbele, kulia na kushoto, mtoto mmoja anavipanga kwenye mstari, mwenzake ndo roboti, anatembea sakafuni akifuata vibao kimoja kimoja. Akigonga meza wanarudi kwenye mstari kutafuta kibao kilichowapoteza.

Kwenye bei usisahau vipuri, weka vigingi na magurudumu ya ziada kwa kila seti maana vitapotea muhula wa kwanza, na kamba kama utaongeza roda iwe nene na fupi isiyozunguka shingo. Zote 12 usizitengeneze kwa mpigo. Tengeneza moja, ipeleke darasani, kaa kwenye kona usiseme neno, angalia wanapokwama na wanachokivunja, rudi karakana ubadilishe ndo uendelee na 11 zilizobaki. Ukishapata hiyo ya kwanza nitumie picha ya maungio tuangalie pamoja.