Mvua ya Machi ilinilia mbegu

Dada mmoja wa Gongoni kaniandikia juzi: "Kaka, mvua imeshanyesha, nipande au ningoje?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilo lilinilia kilo kumi za mbegu za mahindi.

Mwaka wangu wa kwanza shambani, ng'ambo ya mto Sabaki, huku Pwani, nilikuwa najua kila kitu. Rafiki yangu wa Kitale, huko bara kwenye miinuko, alinitumia picha: trekta, matuta, mbegu tayari ardhini. Katikati ya Machi nasi ikatushukia mvua ya usiku kucha, mabati yakalia hadi alfajiri. Kulipokucha nikaita vibarua wanne. Mzee jirani akaja akasimama mpakani na bakora yake. Hakunikataza. Aliuliza tu, "Mwanangu, upepo watoka wapi?" Nikamjibu, "Mzee, tunapanda mvua, hatupandi upepo." Jibu lile hadi leo likinijia usiku najifunika shuka.

Ilikuwa kaskazi bado. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, kavu, na mvua inayoponyoka katikati yake mara nyingi haina mwenzake. Mahindi yaliota siku ya sita, mazuri, nikayapiga picha nikazirusha mtandaoni. Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, majani yalikuwa yamejikunja kama sigara. Nikafukua kwa kidole: vumbi, hadi kifundo cha pili. Mzee alipanda mwezi wa nne, upepo ulipogeuka kusi na mawingu kuanza kupanda kutoka baharini. Mei, ambao huku kwetu ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote, ulimkuta mahindi yamefika magotini.

Na mbegu zenyewe! Muuza duka alinipa H614, "inazaa sana." Inazaa, ndiyo, huko Kitale kwenye baridi, ikakaa shambani miezi sita na zaidi. Masika yetu Julai imeshakwisha. PH4, mbegu iliyotengenezewa Pwani, ilikuwa rafu ya chini. Sikuuliza, naye hakusema. Nimemsamehe, ila dukani kwake sijarudi.

Basi dada, kwanza tazama upepo. Pili, tazama upepo tena. Kisha chimba: unyevu usipofika kiganja kizima, rudi nyumbani unywe chai. Sisi vijana tunaamini simu kuliko bahari. Wazee walihesabu miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, na hatukuwaketia hata jioni moja. Utabiri usome, mimi nausoma, lakini vuli isikutie tamaa: 2023 ilikuja na El Nino, Sabaki ikafurika, miaka mitatu kabla yake tulichungulia mbingu bure. Vuli mimi hupanda pojo na kunde. Mahindi, ng'o!

Masika iliyopita nimevuna magunia kumi na tisa, ekari mbili. Mzee akaja tena mpakani na bakora yake, akatazama, akaomba mahindi mawili ya kuchoma, akaenda zake.